Saa Tatu Kasorobo

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nakubali. Nimeshaambiwa na marehemu mama yangu, nimeshaambiwa na mke wangu, na hata yule Mpakistani wa gereji kanambia. Lakini siku Madam aliponiita sebuleni akanionesha simu yake, wallahi si hasira iliyonijia kwanza. Nilicheka.

"Zahor," akasema, "gari yangu Jumanne saa tisa kasorobo usiku ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa imelala, Madam. Pale pale nje, chini ya turubai. Na mimi nimelala chumbani kwangu getini."

"Soma."

Nikavaa miwani nikasoma. Ujumbe umetoka kwa kampuni inayosimamia maegesho ya ile hospitali anayotibiwa mama yake. Mgonjwa akiandikishwa pale, huandikwa na namba ya gari na simu ya mwenye gari, ndiyo maana taarifa ikaenda kwake moja kwa moja. Imeandikwa: gari namba fulani imeingia 2:45 AM, imetoka 10:20 AM. Kulaza gari hapa ni marufuku. Faini dirhamu mia tano.

Nikaisoma tena, maana mara ya kwanza nilidhani miwani yangu ndiyo mbovu.

Basi nikuelezeni nyumba ilivyokuwa siku hiyo, mpate kujua nilivyonasa. Mama yake Madam, sote tunamwita Bibi, alilazwa siku nne, kapasuliwa goti. Mtumishi wa ndani alikuwa kalala naye hospitali. Madam mwenyewe alikuwa harusini Al Ain, alirudi Jumanne mchana. Katika nyumba nzima ile ya Al Garhoud tulibaki mimi na paka. Asubuhi ya Jumanne nikaenda peke yangu kumchukua Bibi, keshapewa ruhusa, nikamrudisha nyumbani salama. Sasa nani wa kunishuhudia kwamba usiku gari haikutoka? Paka?

"Madam, niliingia pale asubuhi, kulishapambazuka zamani," nikasema. Na Madam tunazungumza Kiarabu cha jikoni kilichochanganywa na Kiingereza, lakini hapa nawapeni kwa Kiswahili. "Hiyo mashine imekosea."

"Mashine ina sababu gani ya kukusingizia wewe?"

Madam hakupiga kelele, hajapiga kelele hata siku moja. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanawe zamani akirudi na alama mbovu za hesabu.

"Zahor, wewe mwanamume, una marafiki zako," akasema. "Nyumba ilikuwa tupu. Umeiacha gari hospitali ili isionekane mahali pengine, mkapanda teksi mkaenda mnakokwenda, asubuhi ukarudi kumchukua mama. Mimi sikuulizi mlikwenda wapi. Faini nitalipa mimi. Nimekusamehe, khalas, yamekwisha."

"Lakini Madam..."

"Khalas, nimesema. Ila kuanzia leo funguo zitalala kwangu."

Alaa! Hapo sasa hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Miaka kumi na tisa nimeiendeshea nyumba ile. Nimewapeleka watoto wake shule mpaka wakaota ndevu. Funguo za gari tatu zimelala juu ya msumari wangu, na hata siku moja hakuhesabu zipo au hazipo. Leo nimesamehewa! Laiti angenitukana ningepata pa kushika, maana mtu akikutukana unamjibu, lakini akikusamehe utamjibu nini?

Jioni akaniletea sahani ya wali wa machbus, paja zima la mbuzi limelala juu. Nikasema, ebo, hiki ndicho chakula cha waliosamehewa. Nikakila, kwa sababu njaa haina kiburi, lakini kila tonge nilikuwa nalisukuma na maji.

Nikampigia simu rafiki yangu Shafik, Mganda, mlinzi katika jengo moja refu la Al Nahda. Huyo ndiye wa kumwambia yangu yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mzee Zahor, shida iko wapi? Kazi uko nayo. Faini analipa yeye. Nyama umekula. Wewe shukuru Mungu tu."

"Shafik, mtu akikusamehe kosa ambalo hukulifanya, huyo amekupa kosa, hajakuondolea."

"Ni sawa, mzee." Kisha akashusha sauti. "Lakini kweli kweli, hukwenda mahali? Sema tu, mimi siambii mtu."

Nikamkatia simu.

Siku ya pili, Alhamisi asubuhi, nikawa nasimama mlango wa jikoni kungoja funguo, mtu mzima na mvi zangu. Mtumishi akanipa huku anaangalia chini, keshajua. Nikajisema moyoni, Zahor, ukiliacha hili likapita, utazikwa nalo. Pesa si hoja. Hata kazi si hoja, madereva wa nyumba nyingine wameshaniita kwao mara ngapi. Nilichotaka ni Madam ajue kwamba sikumwongopea.

Mungu si Athumani, siku hiyo hiyo Bibi alikuwa na miadi ya kutazamwa nyuzi za goti. Nikampeleka, nikamkabidhi kwa mtumishi na wauguzi, nikashuka mbio kwenye kibanda cha maegesho. Nilikuwa nakumbuka nani aliyeniandika.

Jumanne ile nilipofika, mashine ya kutoa tiketi ilikuwa imekufa. Mlinzi msichana kasimama juani na kijitabu, anaandika kila gari kwa mkono. Nilipoteremsha kioo nikamsikia anajisemea, "Ai, hii jua itanimaliza."

Kiswahili! Hospitali nzima ile nasikia Kihindi, Kifilipino, Kiarabu cha kila namna, sasa nasikia Kiswahili mlangoni.

"Si hii jua, mwanangu," nikamwambia. "Jua hili."

Akageuka, akacheka mpaka kijitabu kikamponyoka. "Mzee, wewe ni wa Zanzibar. Nyinyi mnapenda kusahihisha watu!"

Tukaamkiana kwa kituo, nyuma yangu magari yanapiga honi. Jina lake Carolyne, Mkenya wa Bungoma, ana wiki tatu tu Dubai. Nikamuuliza chakula, nikamuuliza chumba, nikamwambia anywe maji asingoje kiu. Akaniuliza saa, maana simu zao huachwa kabatini na saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama. Nikamtajia, akaandika, nikapita. Hayo tu, na nilipotoka na Bibi mashine ilikuwa imeshafufuka.

Sasa Alhamisi nikamkuta pale pale, mashine imepona, yeye anaongoza magari. Aliponiona akafurahi. "Mzee wa jua hili! Habari ya siku mbili?"

"Mbaya," nikasema, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Uso wake ukabadilika. Akaingia kibandani, akatoa kijitabu cha Jumanne. Kila karatasi ina nakala yake ya bluu. Akafunua, akapata ya gari yangu. Imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko mzuri wa shule: 2:45, na ile AM kaizungushia duara.

"Mwanangu, hii mbili na arobaini na tano umeitoa wapi?"

"Si ni wewe mzee uliniambia?"

"Mimi?"

"Eeh! Nilikuuliza saa ngapi, ukaniambia saa tatu kasorobo. Nikaandika tatu kasoro robo. Si ndiyo hiyo?"

"Na hiyo AM?"

"Si ilikuwa asubuhi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Saa ya kwenye gari ilikuwa inaniangalia siku ile, tarakimu za kijani, 8:45. Ningemsomea kama zilivyo, yasingekuwa haya. Lakini mimi, kwa furaha ya kumpata wa kusema naye, nikaigeuza Kiswahili kama nimesimama Darajani nanunua embe. Saa tatu kasorobo, mwanangu! Na yeye maskini, honi zinamlilia, mkono ukaandika sikio lilichosikia. Jioni karani akaingiza karatasi zote kwenye kompyuta, na kompyuta haina kwao, haikujua hii saa tatu ni ya nani.

"Carolyne," nikasema, "umenilaza hospitali usiku mzima."

"Mzee, wewe ndiye umejilaza!"

Tukatazamana, tukapasuka kicheko sote wawili, mpaka dereva mmoja wa teksi akatoa kichwa kutaka kujua kuna nini. Mimi nikacheka kuliko yeye, kwa sababu roho yangu ilitua. Nimelipata! Nina nakala, nina mwandishi wake, nina sababu. Leo leo Madam atajua.

Kisha nikaona yeye kaacha kucheka.

"Mzee," akasema taratibu, "mimi niko kwa majaribio bado. Wiki iliyopita kijana wa Nepal alikosea namba ya gari moja tu, wakamkatia tiketi ya nyumbani siku hiyo hiyo."

Nikakifunga kile kijitabu, nikamrudishia.

"Lakini enda useme," akasema. "Jina langu na namba yangu ya kazi hizi hapa." Akanigeuzia kitambulisho chake nisome. "Wewe ni mtu mzima, usiharibiwe jina juu yangu. Ofisi ni ile ya mlango wa kijivu, nyuma ya duka la maua."

Kisha akatoka nje akaanza tena kuongoza magari, mkono juu, mkono chini. Hakuniomba kitu. Angeniomba, angeniudhi, ningekwenda mbio. Hakuomba, na hilo likanitia uzito miguuni mpaka kwenye mlango wa kijivu.

Ndani alikuwepo msimamizi, Mmisri mnene mwenye glasi ya chai ya mnanaa, mtu wa bashasha. Nikamweleza kwamba mlinzi hakukosea kuandika, wala mimi sikukosea kusema, ila tumekosea sote.

"Fahamisha," akasema.

"Ustadh, saa yako ikionesha nane asubuhi, sisi tunasema saa mbili. Ikionesha tisa, tunasema tatu."

"Kwa nini?"

"Nyinyi kwa nini mnasema nane? Hiyo saa nane asubuhi, jua lina saa nane tangu litoke, au lina saa mbili?"

Akageuka akatazama dirishani kama kwamba jua litamjibu. "Saa mbili," akasema.

"Basi."

"Na usiku?"

"Usiku vivyo hivyo. Jua limezama, tunaanza moja."

"Na ndege hazikupiteni?"

"Nyengine hutupita," nikasema. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Mtu mwema, simsemi vibaya. Akavuta fomu, akajaza namba ya gari, akajaza tarehe, akanisukumia mimi na kalamu.

"Faini inafutwa leo hii, nakupa na barua ya kumpa Madam wako. Jaza hapa jina la mlinzi na namba yake, utie saini."

"Yeye atafanywa nini?"

"Yuko kwenye majaribio huyo?"

"Ndiyo."

"Yalla, atarudi kwao. Mimi sina uwezo, ndivyo kampuni inavyotaka. Wewe hilo lisikushughulishe, umeshaondoka na haki yako."

Nataka niwaambieni kwamba niliiweka kalamu chini papo hapo, lakini nitakuwa naongopa. Nilikaa na kalamu mkononi kitambo kizuri. Nilitaka ile barua, wallahi niliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Nilishaiona, ina mhuri, naiweka mbele ya Madam juu ya meza, nanyamaza kimya, naiacha inisemee. Na huku nayaona magari yanaingia moja moja, na mkono wa yule mtoto mlangoni unapanda na kushuka. Kosa langu mimi mwenyewe, niliyejitia ufasaha mbele ya foleni, likalipwe Bungoma?

Nikaandika: Zahor, dereva.

Msimamizi akasoma. "Hapa pa mlinzi, hapa. Si pa mteja."

"Aliyetaja saa ni mimi. Andika mteja amekosea."

"Ya akhi, mteja akikosea faini haifutwi. Kompyuta yenyewe haikubali."

"Basi isikubali," nikasema, na hasira zangu zote za siku mbili zikanitoka juu ya meza yake, yeye maskini hana hatia. "Chukua mia tano zako! Na hiyo kompyuta yenu iambie jua linatoka lini!"

Nikalipa kwa pesa yangu, akanipa stakabadhi, na chai akanimiminia pia. Nikainywa nimesimama.

Nilipokuwa natoka na Bibi yuko kiti cha nyuma, Carolyne akanisogelea dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, jua au si jua sijui.

"Umesema, mzee?"

"Nimelipa."

"Mzee! Kwa nini sasa?"

"Fungua mlango watu wapite. Na mtu mwengine akikutajia saa, mtazame kwanza katoka wapi."

Sikumngoja anijibu. Bibi akauliza huyo msichana analia nini, nikamwambia vumbi.

Sasa nimebaki na nini? Nimebaki na stakabadhi, na stakabadhi ya kulipa faini ni ushahidi kwamba nimekosa. Njia nzima ya kurudi Al Garhoud najitukana. Umejifanya mwema, Zahor, haya sasa, utamwambia nini Madam? Nikaona hakuna njia ila kumwambia kama ilivyo, akinikubali kanikubali, asiponikubali basi nijue miaka kumi na tisa yangu inapimwa kwa kilo au kwa gramu.

Baada ya sala ya alasiri nikawakuta sebuleni, Madam na Bibi, wanakunywa kahawa na tende. Nikaiweka stakabadhi juu ya meza.

"Faini nimelipa mwenyewe, Madam."

"Kwa hiyo umekiri."

"Sikukiri. Gari haikutoka usiku. Ulimi wangu ndio uliotoka." Nikamweleza yote, mashine ilivyokufa, Carolyne, saa tatu kasorobo. Nikamweleza na ile barua niliyoiacha, na kwa nini.

Madam akanisikiliza, kisha akatikisa kichwa taratibu. "Zahor, ungeniambia ulikwenda kucheza karata ningekuamini. Hii sasa imekuwa hadithi. Watu gani hao, saa tisa wakasema tatu? Miaka yote hii sijakusikia."

"Kwa sababu na wewe nasema saa yako. Yangu nasema na watu wangu."

"Una karatasi yoyote?"

"Ningekuwa nayo, yule mtoto angekuwa ndegeni. Sina karatasi. Nina maneno yangu tu."

Bibi akaacha kutafuna tende. Aibu ikanishika, mtu wa miaka hamsini na sita nimesimama nangoja kuaminiwa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Madam akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na nusu, yaani kwake yeye nne na nusu. "Mke wako yuko wapi sasa hivi?"

"Mahfudha? Nyumbani, Jang'ombe."

"Huko mko nyuma yetu kwa saa moja, si ndiyo? Sasa kwenu ni tatu na nusu mchana kwa saa yangu. Mpigie. Toa sauti nje. Wewe usiseme neno, usikohoe. Nitamuuliza mimi saa ngapi, nisikie mwenyewe. Kwa lugha yenu inasemwaje?"

"Saa ngapi."

"Saa ngabi."

"Ngapi."

"Ngabi," akasema Madam, maana Waarabu P hawana. "Piga."

Nikapiga. Simu ikalia mara tatu, kisha Mahfudha akaipokea kwa ile sauti yake ya asali anayoniwekea mimi peke yangu. "Naam, mume wangu!"

"Saa ngabi?" akauliza Madam.

"Nani?" akasema Mahfudha. Asali yote imeshaondoka.

"Saa ngabi?"

"Saa tisa unusu! Wewe nani?"

Madam akaganda. Sita, saba na tisa sisi tumezichukua kwao hao hao Waarabu, nusu pia, na hata saa yenyewe, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Akatazama ukutani, akahesabu kwa vidole, akatazama tena.

"Tis'a u nus?" akauliza, kama haamini masikio yake.

"Tisa unusu, ndiyo! Nimekwambia! Kwani huko hakuna saa? Simu ya mume wangu umeitoa wapi?"

Basi Madam akaanza kucheka. Miaka kumi na tisa sijamwona akicheka vile, anapiga goti lake, shela inamwanguka. "Wanasema tisa, mama! Mchana huu! Wanasema tisa!" Na Bibi naye akacheka, kashika goti lake la nyuzi, analia huku anacheka.

Mahfudha anasikia nini huko Jang'ombe? Anasikia wanawake wawili wanacheka kwenye simu ya mumewe.

"Aa! Mnanicheka!" akapiga kelele. "Zahor! Najua upo hapo! Kama umeoa niambie umeoa, usinitumie mwanamke kuniuliza saa! Umekuwa mwendawazimu?"

Mimi nauma midomo. Niliambiwa nisiseme neno. Nikamwonesha Madam mdomo wangu kwa kidole, kumuomba ruhusa.

"Anasema nini?" akauliza Madam, anafuta machozi.

"Anadhani wewe ni mke wangu wa pili."

"Astaghfirullah!" Kicheko kikakatika papo hapo. Bibi ndiyo kwanza kazidi. Madam akanipokonya simu, akakaa vizuri, akatandaza shela yake kama kwamba Mahfudha anamwona. Akasema kwa Kiarabu, taratibu, neno moja moja:

"Dada yangu, mimi ni mwenye nyumba anayofanya kazi mumeo. Mumeo ni mtu mwaminifu. Miaka kumi na tisa yuko kwangu, hajaniambia uongo hata siku moja. Wiki hii nilimdhania vibaya. Mimi ndiye niliyekosa." Kisha akanirudishia simu. "Mwambie. Kama nilivyosema, usipunguze."

Nikaishika simu. Maneno yale ndiyo niliyoyataka. Ndiyo niliyolipia, ndiyo yaliyoninyima usingizi, na sasa nimepewa yote, kwa mdomo wake, niyaseme mwenyewe. Macho yakanijaa maji mbele ya wanawake wale, nikawageuzia mgongo.

"Zahor?" Mahfudha kashtuka sasa, kapoa. "Kuna nini, mume wangu? Huyo nani? Anasema nini?"

"Ni Madam," nikasema. "Anasema mimi mwaminifu. Anasema miaka kumi na tisa sijamwongopea hata siku moja."

Nikasikia kuku wetu nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Miaka kumi na tisa upo naye nyumba moja," akasema, "na ndiyo kwanza anajua leo?"

Simu bado ilikuwa imetolewa sauti nje. Madam akainama mbele, anatabasamu, anangoja.

"Amesema nini?"

"Anakusalimu sana, Madam," nikasema.